Taa ya Kijani Kwenye Kopo la Siagi

Ofisi yetu ya mradi ilikuwa kwenye nyumba ya kupanga pale Nkuhungu, mjini Dodoma, na sebuleni mwake kulikuwa na mashine iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Sitanii. Kitambaa cheupe, kilichofumwa kwa mkono, chenye maua pembeni, kama vile ambavyo mama zetu walifunikia redio. Chini yake kulikuwa na sanduku lenye ukubwa wa friji ndogo, lililokuja kwa ndege kutoka ng'ambo, na kazi yake ilikuwa kupima maji na chumvi katika udongo wa mashamba ya zabibu. Miaka mitatu niliyokaa pale kama fundi wa maabara, sikuona limepima udongo wa mkulima hata mmoja. Lilipima mchanga uliokuja nalo ndani ya kichupa, siku ya uzinduzi, na majibu yakatoka sahihi kabisa. Wageni wakapiga makofi.

Lilikuwa na neno la siri. Kila umeme ulipokatika na kurudi lilidai neno hilo upya, na aliyelijua ni mkuu wa mradi aliyetangulia, ambaye alishahamia mkoa mwingine na simu zetu hapokei. Lilikuwa pia na leseni ya mwaka mmoja iliyokwisha zamani. Nyuma lilibandikwa karatasi nyekundu ya kukataza mtu kulifungua. Nilipoomba ruhusa ya kulifungua nione kilichomo, bosi alinitazama kana kwamba nimeomba kumpasua mama yake mzazi.

"Mtaalamu wake anatoka nje," alisema, tena kwa fahari.

Huyo bosi alikuwa mtu wa shahada nyingi na viatu visivyojua vumbi, na kwa Dodoma hilo peke yake ni kazi ya kutwa nzima. Tukienda kuwaona wakulima Makutupora alisimama barabarani, kando ya gari, akapaza sauti, "Mbukwenyi!" kama alivyowasikia wanasiasa wakiwasalimia Wagogo, na wakulima wakaitikia kwa adabu yao, wakisubiri aseme jambo. Hakuwa na jambo. Alikuwa na fomu ya mahudhurio.

Na jambo la kusema lilikuwepo. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Zao la kwanza hubebwa na mvua. La pili, baada ya kupogoa mwezi wa tano, huishi kwa maji ya kisima tu. Mkulima wa nusu eka hupata zamu ya pampu mara moja kwa wiki. Akimwagilia bila haja amechezea maji ya watu. Akiacha kumwagilia wakati mzabibu unadai, majani hujikunja, vichala hunyauka, na kama miche bado michanga, mwisho wake ni kushika jembe na kuing'oa. Kwa hiyo swali la mkulima ni moja: chini kule kwenye mizizi maji yapo au hayapo? Sanduku la sebuleni lingeweza kumjibu, ila lilikuwa limevaa kitambaa.

Ndipo nikaanza kutengeneza vifaa vyangu mwenyewe. Kuna watu duniani, mmoja yuko Brazili, mwingine India, mwingine ni mama fundi wa Ureno, ambao walibuni kifaa cha kupima unyevu wa udongo na kuweka kila kitu wazi mtandaoni: ramani ya nyaya, orodha ya vipande, programu inayokiendesha, mstari kwa mstari. Hawaulizi wewe nani. Kijiti chake huzamishwa hadi kwenye mizizi, betri na nyaya hukaa kwenye kopo juu, na taa ndogo huwaka: kijani maana yake maji yapo, nyekundu maana yake mwagilia. Makopo yangu yalikuwa ya siagi. Nililehemu mwenyewe mezani kwangu, nikaunguza vidole, nikaharibu vitatu, cha nne kikawaka.

Kingo za kile kijiti hunywa maji, kwa hiyo mafundi wa kifaa hiki kila mahali huzipaka rangi ya kucha. Nilikwenda duka la vipodozi jirani kununua chupa moja nyekundu, na dada muuzaji akaniuliza kama wifi yake anapenda nyekundu au kaniagiza ya waridi.

"Ni ya kupaka kifaa cha kupimia udongo," nikamwambia.

"Sawa kaka," akasema, "udongo nao una haki ya kupendeza."

Bosi alipoona makopo yangu hakucheka hata kidogo. "Rahisi ni ghali, bwana mdogo," alisema. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. "Kitu cha bure hakina mwenyewe. Kikiharibika utamshika nani shati?"

Nilimdharau kuanzia siku ile, na nakiri kwamba dharau ile ilininogea. Nilichapa kwa Kiswahili sharti la wale waliobuni kifaa, nikalibandika ukutani juu ya meza yangu, mahali ambapo bosi hawezi kuingia bila kuliona: *Chukua, tumia, badilisha, gawa. Ukikirekebisha, nawe weka marekebisho yako hadharani.* Wageni wakija, bosi anawapeleka kwenye sanduku lake, mimi ninawavuta kwenye ukuta wangu. Nilijiona mtu huru katikati ya watumwa wa kibandiko chekundu.

Mwezi wa pili, siku ya jua kali, alikuja mwalimu mmoja wa fizikia kutoka sekondari ya huko Chamwino. Mwanamke wa miaka kama thelathini hivi, kabeba udongo kwenye mfuko wa plastiki. Baba yake alikuwa ameacha kulima uwele kwenye nusu eka yake na kupanda mizabibu. Miche ilikuwa na miaka miwili, na zao la mwaka huo ndilo lingekuwa la kwanza la maana. Mzee hakuwa amewahi kulima zabibu. Alitaka kujua amwagilie lini.

"Mashine haitoki," bosi akamwambia, "na sampuli za watu binafsi hatupokei. Kuna prosija, mwalimu."

Mwalimu akashika mfuko wake, akashukuru, akaanza kuondoka. Nilimfuata hadi getini, si kwa huruma tu, bali pia ili bosi aone kupitia dirishani. Nikamwandikia anwani ya mtandao kwenye kipande cha karatasi.

"Mwalimu, usimwombe mtu," nilimwambia. "Ramani iko wazi. Kapakue, utengeneze mwenyewe. Na kingo upake rangi ya kucha."

Alifurahi mno. Aliniambia atawashirikisha wanafunzi wake, akakunja ile karatasi akaiweka kwenye pochi. Namba yangu ya simu sikumpa, wala yeye hakuiomba, na mimi nikarudi ndani nikitembea kifua mbele.

Mwezi wa nne nilikwenda Makutupora kukagua makopo yangu sita tuliyoyaweka kwenye shamba la mfano. Mvua zilikuwa zimekata kama siku kumi na mbili. Taa zote za kijani. Nikachimba kwa mkono kando ya moja, na udongo uliotoka ulikuwa mkavu unaomomonyoka. Nikachimba kwenye la pili, vilevile. Nilichukua udongo wa kila shimo kwenye vikopo, nikaupima kwenye mizani, nikaukausha kwenye oveni, nikaupima tena. Hiyo ndiyo njia ya zamani, ya polepole, na haidanganyi: kilichopungua ni maji. Maji yalikuwa karibu hakuna. Kifaa kilikuwa kinasema uongo.

Ilinichukua wiki tatu kuelewa. Udongo wetu una chumvi, na maji ya visima vyetu yanaongeza nyingine. Kifaa hiki hupima unyevu kwa umeme, na chumvi hukifanya kiamini kwamba maji ni mengi kuliko yaliyopo. Wale wa Brazili na Ureno walikijaribu kwenye udongo wao laini, mweusi, na kwao kinasema kweli. Nilikausha vikopo vingi, nikachora mistari, nikapata hesabu mpya inayoweka chumvi pembeni. Mistari saba ya programu, basi. Nikaipandisha kwenye makopo yangu sita, na taa zikaanza kusema kweli.

Furaha ya siku ile sijaipata tena kazini. Nililipiga dirisha ngumi ya furaha, mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Na hapa nisimsingizie mtu. Kwenye ule mtandao kuna fomu ndogo. Ukirekebisha kitu unajaza mahali ulipo, aina ya udongo, zao, unaweka mistari yako chini, unabonyeza, imekwisha. Niliifungua. Nikaanza kuwaza. Mwezi wa tisa kungekuwa na siku ya wakulima, na wageni wangekuja, wakubwa wa bosi wakiwemo. Nikaona picha nzima: bosi kasimama na sanduku lake lisilowaka, mimi nasimama na kopo la siagi, nasema mbele ya watu kwamba dunia nzima ilikosea kuhusu udongo wetu na mimi ndiye niliyegundua. Nikiweka mtandaoni sasa, mtu ataisoma, bosi ataambiwa, ataifanya yake. Nikaifunga fomu. Ile mistari saba nikaihifadhi kwenye laptopu yangu, kwenye folda, na folda nikaiwekea neno la siri. Nyani haoni kundule. Nilifanya hivyo nikiwa nimekaa chini ya karatasi niliyoibandika mwenyewe.

Mwezi wa sita niliona swali kwenye jukwaa la mtandao ule, ambako mafundi huulizana. Lilikuwa la Kiingereza, la adabu, na mwandishi alisema yuko Chamwino. Kifaa chake kinawaka kijani wiki ya tatu mfululizo, alisema, lakini baba yake akichimba kwa mkono anasema udongo ni mkavu. Miche bado michanga. Je, kuna mtu mwingine ameona jambo hili? Amwamini nani, baba au taa?

Nilimjua mara moja. Na unajua nilihisi nini? Nilikasirika. Niko Nkuhungu hapa, mwendo mfupi tu kwa gari kutoka kwake, mimi ndiye niliyemwonyesha njia, yeye anakwenda kuwauliza Wazungu! Kwa Kiingereza! Nikasema moyoni, akija mwenyewe nitamwambia. Kuuliza si ujinga, lakini aulize anapopaswa kuuliza. Sikukumbuka kwamba hakuwa na namba yangu, na kwamba mara moja aliyowahi kufika ofisini kwetu alifukuzwa na udongo wake mkononi.

Watu wawili walimjibu kwa upole wa watu wasioijua Dodoma. Mmoja alisema aongeze rangi ya kucha. Mwingine alimweleza kwamba udongo wa juu hukauka haraka na kumdanganya mtu anayechimba kwa mkono, maji yako chini zaidi, basi aamini kifaa. Mwalimu akawashukuru wote wawili. Nilisoma shukrani zile nikiwa nakunywa chai. Nilikuwa najua jibu, lilikuwa kwenye folda sentimita chache kutoka kwenye kikombe, na niliendelea kunywa chai.

Siku ya wakulima ilifika. Hema, viti vya plastiki, soda, spika iliyokoroma. Sanduku la bosi lililetwa Makutupora kwenye gari la wazi likiwa na kitambaa chake, likawekwa mezani bila kuchomekwa mahali popote, kwa sababu shambani hakukuwa na umeme. Bosi alilieleza kwa nusu saa. Mgeni mmoja aliuliza kama linaweza kuwashwa, bosi akasema muda hautoshi. Nilikuwa nacheka ndani kwa ndani hadi mbavu zinauma.

Zamu yangu ilipofika nilisimama na kopo. Sikuwahi kuzungumza vizuri vile. Niliwaeleza habari ya ramani zilizo wazi, watu wakaitikia kwa vichwa. Nikamtupia bosi maneno mawili matatu ya vitu vinavyofungwa na kufunikwa, watu wakacheka. Kisha nikatoa silaha yangu. Nikasema kifaa hiki kama kilivyo mtandaoni kinadanganya kwenye udongo wa chumvi, kinawasha kijani wakati mizizi inakufa kwa kiu, na mtu wa kwanza kuligundua hilo na kulirekebisha ndiye huyu aliyesimama mbele yenu. Nilipigiwa makofi. Bosi naye alipiga, kwa vidole.

Mkono mmoja ulinyooshwa nyuma. Alikuwa mwalimu. Pembeni yake alikaa mzee mrefu, mwembamba, mwenye koti la suti lililopauka, na mara nikajua ni baba yake.

"Kaka, samahani," alisema. "Uligundua lini?"

"Mwezi wa nne," nikajibu. Bado nilikuwa natabasamu.

Mzee alimwinamia binti yake akamuuliza jambo kwa Kigogo, naye akamjibu kwa maneno machache, akiwa anatazama chini. Halafu mzee akasimama, akishika kiti cha mbele yake, akazungumza Kiswahili taratibu, kama mtu anayechagua mahali pa kukanyaga.

"Mwezi wa nne nilikuwa bado sijapogoa," alisema.

Nikamwambia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mimi zamu yangu ya pampu nilimpa jirani. Mara nne. Huyu binti yangu aliniambia taa ya kijani, maji yapo. Nikasema amesoma, anajua. Nikampa jirani." Akanyoosha kidole kwenye kopo langu. "Wewe ulikuwa unangoja nini?"

Spika iliendelea kukoroma. Hakuna aliyecheka. Nilimtazama bosi, na hadi leo sijui kwa nini nilimtazama yeye. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: bosi hakuwahi kubandika ukutani karatasi ya kuhubiri kugawana, na wakati ule, badala ya kunisimanga, aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu vyake safi.

"Nilikuwa nangoja siku ya leo," nikasema. Ndiyo ilikuwa kweli, na ilisikika jinsi ilivyo.

Baada ya hotuba mzee alikuja mezani. Alilichukua kopo langu, akaligeuza, akasoma maandishi ya siagi pembeni. "Hii ndiyo ya bure?" aliniuliza. Nikamwambia ndiyo, mzee, ya bure. "Haya," akasema, akalirudisha mezani polepole, akaenda kumtafuta binti yake. Nilimfuata mwalimu kumwomba msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema ameshaelewa, baba amechoka, na inabidi wawahi gari. Mizabibu, aliniambia, ilishang'olewa tangu mwezi wa nane. Mashina yake mama yake aliyatumia kuivishia maharage.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki watu wakiwa wanakunja hema, nikafungua laptopu kwa intaneti ya simu, nikafungua folda. Nikajaza fomu. Mahali: Makutupora. Aina ya udongo: kichanga chekundu chenye chumvi. Zao: zabibu. Nikaweka mistari saba, nikabonyeza. Kisha nikalitafuta lile swali la mwezi wa sita, nikaandika chini yake jibu, na tarehe halisi niliyolijua. Niliangalia saa. Kazi yote ilikuwa imechukua dakika kumi na moja.

Jumatatu nilipofika ofisini niliibandua ile karatasi ukutani. Nilikuwa bado nimeishika wakati laptopu ilipoashiria kwamba kuna mtu ameongeza kitu juu ya marekebisho yangu. Alikuwa amechukua udongo wa shamba moja, vikopo ishirini, akaupima kwenye mizani ya jiko la shule, akaukausha kwenye sufuria, akaupima tena. Alionyesha kwamba hesabu yangu ni nzuri, ila penye chumvi nyingi sana bado inakosea kidogo, na mstari wa tano ubadilishwe hivi. Nilijaribu. Alikuwa sahihi. Alikuwa amemaliza kupima Jumapili, na Jumapili hiyohiyo akaweka hadharani. Mimi hakunitaja kwa wema wala kwa ubaya.

Juu ya kazi yake kulikuwa na ile fomu, ameijaza yote kwa mpangilio, kama mwalimu. Mahali: Chamwino. Aina ya udongo: kichanga chekundu, chumvi nyingi. Zao: hakuna.